Mshale wa Nyumba ya Bibi

Mwalimu wetu wa hesabu alitoka Mbeya, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda kuulizwa "kwa nini" kabla hajafika mwisho wa ubao. Mimi nami nilikuwa na ugonjwa wangu, wa kuuliza kabla hajafika katikati. Kwa hiyo kidato cha pili kilikuwa kirefu kwetu sote wawili.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa nasoma bweni mjini Sumbawanga. Asubuhi tulikaa darasani mikono kwapani, maana baridi ya kule juu haijali kwamba una mtihani. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, tulilielewa kwa Kiswahili, na tulipokwama tulinong'onezana kwa Kifipa. Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni neno ambalo sisi tulilitamka "fanksheni", akapiga mstari chini yake, akachora mayai mawili makubwa, moja kushoto na moja kulia.

Ndani ya yai la kushoto alitia namba chache, na la kulia hivyo hivyo. Kisha akaanza kupiga mishale kutoka kushoto kwenda kulia. Kanuni ilikuwa hii: kila kilichomo kushoto lazima kitoe mshale, na mshale wenyewe uwe mmoja tu. Vitu viwili vya kushoto, hata kumi, vinaweza kurusha mishale yao kwenye kitu kimoja cha kulia, hakuna ubaya. Lakini kitu kimoja cha kushoto kikitoa mishale miwili, si fanksheni. Kikikaa bila mshale, si fanksheni pia.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona huo ni upendeleo?"

"Upendeleo kwa nani?"

"Kwa wa kulia. Yeye anapokea mishale hata kumi, na wa kushoto haruhusiwi kutoa hata miwili. Na sisi tunaambiwa binadamu wote ni sawa."

Darasa likacheka. Mwalimu akasema hizi ni namba, si binadamu, na kanuni ni kanuni. Nikakaa, lakini nilikaa kama mtu aliyepunjwa sokoni. Naye hasira zikimwisha alikuwa mwalimu mzuri, nikiri hilo, kwa hiyo baada ya muda aliweka chaki chini akatuuliza kama tunaijua mashine ya kusaga. Nani asiijue? Akasema, "Ukitia mahindi unatoka unga wa mahindi, leo, kesho, hata Jumapili. Sasa siku ukitia mahindi, mara utoke unga wa mahindi, mara utoke unga wa ulezi, mashine hiyo utaiamini?" Tukasema hapana. "Basi fanksheni ni mashine ya kuaminika. Ukijua kilichoingia, unajua kitakachotoka."

Akaandika mashine yake ya kwanza: chochote unachotia, inakizidisha mara mbili, kisha inaongeza tatu. Tukatia tano, ikatoka kumi na tatu. Tukatia sifuri, ikatoka tatu. Halafu akageuza mambo. Imetoka kumi na moja, je, ilitiwa nini? Tukarudi kinyumenyume: toa tatu, gawa kwa mbili, ni nne. Tulifurahi sana kugundua kwamba unaweza kuufuata mshale kwa nyuma hadi mlangoni kwake.

Ndipo akaandika mashine ya pili, ile inayozidisha namba kwa yenyewe. "Imetoka tisa. Nilitia nini?" Tukapiga kelele: tatu! Akatabasamu. "Au hasi tatu?" Akatueleza kwamba mashine hiyo kwenda inaaminika, ila kurudi haikwambii ulikotoka, maana wawili tofauti wametoa kitu kilekile. Ili uweze kurudi bila wasiwasi, kila kinachotoka kiwe na mwenyewe mmoja.

Hilo la kurudi nililimeza bila ubishi. Lile la mshale mmoja lilinikwama kooni. Nikaanza kulijaribu kwa kila kitu kilichopita mbele yangu. Mtoto kwenda kwa mama yake mzazi: kila mtoto ana mmoja, hiyo ni fanksheni. Mama kwenda kwa mtoto: sisi tulikuwa wengi, basi si fanksheni. Mtu kwenda siku aliyozaliwa, sawa. Mtu kwenda kwa rafiki yake, si sawa hata kidogo, na wenzangu bwenini walinichoka. Mfano niliojivunia kuliko yote ulikuwa wa nyumba na balozi.

Wa rika langu hawahitaji maelezo, ila kwa vijana niseme kidogo. Siku hizo kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wao. Shida ya nyumba ilipita kwake, ugomvi wa mke na mume ulipita kwake, wito wa kazi ya shamba la kijiji ulitoka kwake. Nyumba nyingi kwa balozi mmoja, lakini kila nyumba balozi wake mmoja. Nilimwonyesha mwalimu, akasema vizuri sana, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilitoka darasani tukiwa tumepatana.

Likizo fupi ya Pasaka nilirudi nyumbani. Kijiji chetu kilikuwa upande wa njia iendayo Mwimbi, na kilikuwa kimepangwa upya. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika mabondeni zilikuwa zimesogezwa zikakaa kwa mistari. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa waliosogezwa. Nyumba yake mpya iliangukia ncha ya mstari, pale ambapo nyumba za balozi mmoja ziliishia na za balozi mwingine zilianza.

Mmoja wa mabalozi hao alikuwa baba yangu.

Hapo inabidi nieleze jambo la kwetu. Mwanaume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawaitani. Akimwona anakuja njiani, mwanaume anaingia majanini kama sungura, hata awe na mvi. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe ni kubwa kiasi kwamba huwezi kuigusa. Baba alikuwa mtu wa Wampembe, wa ziwani, alipanda mlima kuja kuoa na hakushuka tena. Watu walimtania mpaka akazeeka nao utani huo. Walisema mtu wa kuvua migebuka atajua nini jembe, na kwamba hata matuta yake yamelala kinyume, kama yaliyolimwa na mtu anayerudi nyuma. Kweli, matuta yake yalikuwa na namna yake, nami nilikua nikiamini kwamba ndivyo watu wa ziwani walivyoumbwa.

Mama alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa njia kati ya baba na bibi. Baba akitaka kusema neno kwa bibi alimwambia mama, bibi akitaka kujibu alimwambia mama, na maisha yalikwenda. Mama alifariki miaka miwili kabla ya hayo ninayoyasimulia. Baada yake njia nilikuwa mimi, kisha nami nikaenda bweni.

Basi nilimkuta bibi amekaa barazani, jembe limeegemezwa ukutani, safi. Nikapiga magoti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Huko mjini wanawalisha chaki?"

Nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye jembe. Mwezi ule jembe safi Ufipa ni jambo la kutisha. Ulezi wetu tunaulimia kwenye matuta ya duara tunayoyaita ntumba. Mvua zikiwa bado zipo na majani yamerefuka, unakata mabonge ya udongo pamoja na majani yake, unayapindua na kuyarundika, majani yabaki ndani yaoze. Juu unaweza kupanda maharage. Msimu unaofuata unavunja tuta, unatandaza ile mbolea, unapanda ulezi. Ukichelewa mvua zikakata, ardhi inakuwa ngumu kama sakafu na majani yanakauka yakiwa yamesimama. Asiyepiga ntumba mwaka huu hana ulezi mwakani. Na bibi bila ulezi hana uji, hana pombe ya kualikia watu kazini, hana kitu cha kumpa mgeni. Mzee wa namna hiyo anaanza kuishi kwa kuomba.

"Bibi, shamba lako liko wapi?"

"Bado sijaitwa."

Kumbe mashamba yalikuwa yamegawanywa upya, na kila balozi aliwaita watu wa nyumba zake akawaonyesha vipande vyao. Wenzake walikuwa wameshamaliza ntumba. Shamba lake la zamani lilikuwa limeingizwa katika shamba la kijiji.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Nikisema kwa yule wa upande wa pili, atasema nimemwacha mkwe wangu. Nikisema kwa mkwe wangu, nitasemaje?" Akanielekezea kidole. "Na wewe usiende kumwambia baba yako kwamba nalalamika. Sijalalamika. Nimekaa tu."

Niliudhika. Niliwaudhikia wote, bibi kwa kukaa tu, baba kwa kutokuona, na kijiji kizima kwa kumwita kila mtu isipokuwa yeye. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachonitekenya, na sioni haya kukisema: nilitaka kujua. Imewezekanaje? Nyumba iko pale, ina moshi, ina kuku. Kanuni inasema kila nyumba ina mshale.

Nikaokota kijiti nikachora uwanjani kwa bibi mayai mawili. Kushoto nikaweka kokoto kwa kila nyumba, kulia nikaweka maganda mawili ya mahindi yawe mabalozi. Kisha nikapita mstari mzima wa nyumba, nikijifanya nasalimia, na kila nyumba nikauliza balozi wao nani. Kila mmoja alijibu bila kufikiri. Nikirudi napiga mshale. Mwishoni kokoto zote zilikuwa na mshale isipokuwa moja.

Bibi aliitazama michoro ile kwa muda. "Hilo jiwe pweke ndilo mimi?"

"Ndiyo bibi."

"Ungenitafutia hata jiwe zuri."

Nikaenda kwa yule balozi mwingine. Alikuwa mzee mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa adabu nyumba ya bibi yangu iko chini ya nani. Akashangaa swali lenyewe. "Si ya mkwe wake? Baba yako ni balozi, mimi nimchukue mama mkwe wake mbele ya macho yake? Watu wangesema nimemdharau." Alikuwa amesema kweli tupu. Aliiruka nyumba ile kwa heshima.

Jioni hiyo, wakati baba ananawa mikono, nikamwambia nina swali la hesabu. Sikulalamika kwa niaba ya mtu, nilikuwa nimekatazwa. Nikamchorea chini mayai mawili, nikamweleza kanuni, nikamwambia nyumba ni hizi na mabalozi ni hawa. Alipenda mambo ya shule, akainama kusikiliza. Nikapiga mishale yote. Nyumba moja tu nikaiacha bila mshale.

"Na hii?" akauliza.

"Ndiyo swali lenyewe, baba. Hii ni ya bibi."

Akabaki ameinama, maji yanamdondoka vidoleni.

"Mimi siwezi kuihesabu nyumba ya mama mkwe," alisema mwishoni. "Nilipopita kuhesabu, nikifika pale niligeuza uso nikapita njia ya chini. Kuhesabu ni kunyoosha kidole. Nilijua mwenzangu ataichukua."

"Yeye alijua wewe umeichukua."

Alichukua koti lake akatoka bila kula, na nilimsikia akipiga hodi kwa mzee wa kofia ya sufu. Nilijilaumu kidogo na nilijipongeza zaidi kidogo. Nilidhani fanksheni imepona.

Kumbe nilikuwa nimefurahi mapema. Asubuhi baba alituma mtoto wa jirani akamwambie bibi kwamba kipande chake kipo upande wa bonde. Muda si mrefu mzee wa kofia naye akafika mwenyewe, akaomba radhi kwa maneno mengi, akasema kipande chake kipo upande wa kilima. Usiku ule walikuwa wameishia kuombana radhi bila kukubaliana nani aichukue; kila mmoja aliona aibu kivyake, na kila mmoja hakutaka mwenzake abebe aibu peke yake. Jana bibi hakuwa na mshale, leo alikuwa na miwili.

Nikasema afadhali, vipande viwili si ni bora kuliko kimoja? Bibi akanitazama kama mtu anayetazama pesa za shule zikienda bure. Na kesho yake nikaelewa. Ilikuwa siku ya kazi ya shamba la kijiji. Baba aliwaita watu wake kwa kugonga rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na mzee wa kofia aliwaita wa kwake kwa filimbi. Rimu ikalia, filimbi ikalia, mmoja anaita kuelekea bonde, mwingine kuelekea kilima, na bibi amesimama katikati ya uwanja wake na jembe begani.

Akasimama. Akageukia bonde, akageukia kilima, akasimama tena. Halafu akarudi barazani akakaa.

"Bibi, huendi?"

"Niende wapi? Miguu ninayo miwili, lakini inakwenda pamoja." Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Nikienda huku, kule watasema mvivu. Nikienda kule, huku watasema ana kiburi. Juzi nilikuwa si wa mtu. Leo mimi ni wa wawili, na bado nimekaa hapa hapa."

Nilisimama palepale. Nilitaka kukimbia hadi Sumbawanga nikamwamshe mwalimu. Haukuwa upendeleo! Wa kulia anangoja tu, anaweza kuwapokea wote wanaokuja. Anayekwenda ni wa kushoto, na anayekwenda hawezi kwenda kuwili. Mwenye mishale miwili na asiye na mshale wamekaa kwenye baraza moja. Miezi yote ile nilikuwa nimewahurumia wenye mshale mmoja, kumbe ndio waliokuwa na nafuu.

"Itabidi uchague mmoja, bibi," nikasema, "ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Ya hesabu."

"Hata bila hesabu nimeshachagua. Kamwambie mwenye filimbi kwamba mimi ni wake."

Iliniuma kwa ajili ya baba. Nikamuuliza kwa nini asimchague mkwe wake, aliyemuoa binti yake, aliyekuwa tayari. Akanijibu kwamba balozi ni mtu wa kugombana naye. Balozi unamfuata asubuhi unamwambia mpaka wa shamba umesogea, unamwambia mgao wangu wa sukari uko wapi, unainua sauti. "Mkwe nitamgombeza kwa mdomo gani? Akiwa balozi wangu itabidi ninyamaze maisha yangu yote, au nimvunjie heshima. Hayo mawili sitaki."

Nikapeleka ujumbe kwa wote wawili. Mzee wa kofia akafurahi. Baba akaitikia kwa kichwa, akasema, "Amefanya vizuri." Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kipande chenyewe kikoje.

Nilimwambia ukweli. Kilikuwa kidogo lakini kizuri, tatizo lilikuwa muda. Mvua zilikuwa zimeanza kupungua, udongo ulikuwa unakaza, na majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Bibi na mimi tungepiga matuta machache kabla sijarudi shule, yeye angebaki peke yake na mgongo wake ule. Labda angepata debe la ulezi, labda asingepata.

Tulikwenda shambani siku hiyohiyo, tukalima hadi jua likazama. Bibi alilima taratibu na vizuri. Alikata bonge, akalipindua upande wake wa kulia, akakata jingine, akalipindua juu ya la kwanza, hadi tuta likajifunga kama kitumbua. Mimi nilimfuata nikiharibu. Tulimaliza machache mno, na njiani kurudi hakutania hata mara moja.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, tukachelewa kutoka. Tulipofika kilimani, bibi alitangulia, akasimama. Nilidhani ameona nyoka. Ukungu ulipokuwa unajivuta niliona matuta. Yalikuwa yamepangwa safu kwa safu kutoka ukingoni kwetu hadi karibu na mwisho wa kipande, udongo wake bado mweusi wa unyevu. Hapakuwa na mtu. Kwenye njia ya chini, ile ya kupitia majanini, umande ulikuwa umefutika kwa miguu ya mtu.

"Nani?" nikanong'ona. "Mzee wa kofia ametuma watu?"

Bibi alikwenda tuta la kwanza akainama, akapapasa mabonge kwa kiganja, akaenda la pili. Kisha akacheka, kicheko kidogo nilichokuwa sijakisikia tangu mama afariki.

"Huyu ni mkwe wangu."

"Umejuaje?"

"Tazama mabonge yamelala upande gani."

Yalikuwa yamelalia kushoto. Kila tuta, kila bonge, kushoto. Ndiyo ile namna ya baba waliyoitania miaka yote. Nikasema, kwa ujuaji wangu wa kidato cha pili, kwamba hiyo haitoshi, kwamba vitu viwili vinaweza kutoa jibu moja, na mashoto wapo wengi duniani.

"Baba yako ni mashoto?" bibi akauliza.

Nikafikiri. Baba alikula kwa mkono wa kulia, alipiga nyundo kwa kulia, alinichapa kwa kulia. Hapana.

"Alipokuja kutoka ziwani hakujua ntumba ni nini," bibi alisema. Alikaa juu ya ukingo, jembe mapajani. "Desturi ilimtaka alime shamba langu kabla hajapewa mama yako. Na mimi ningemfundishaje? Siruhusiwi kumsogelea, siruhusiwi kumwambia neno. Basi nilikuwa nalima ncha hii, nimeinama kuelekea kwake, naye anasimama ncha ile, ng'ambo ya shamba zima, ananitazama. Mimi nikipindua bonge kulia kwangu, yeye kutoka kule aliliona likianguka kushoto kwake. Akafanya alivyoona."

"Na hukumsahihisha?"

"Kwa mdomo gani? Na ulezi uliota vilevile." Akapapasa tena lile tuta. "Kijiji kizima hakuna mwingine anayelima hivi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejifunza kwa kusimama mbali kiasi kile."

Nilitazama safu zile na nikahisi machozi yananijia, mimi niliyejifanya mwanahesabu. Nilikuwa nimeona mashine ikirudi nyuma hadi mlangoni. Kutoka kwenye bonge hadi kwa mtu mmoja tu, na kutoka kwa mtu hadi siku aliyosimama ng'ambo ya shamba, kijana wa ziwani, anaiga mikono ya mwanamke asiyeruhusiwa kumtazama usoni.

Tulimalizia sehemu iliyobaki. Wakati wa kuondoka bibi alitoa ugali wa ulezi na maharage tuliyobeba, ambayo tulikuwa hatujayagusa, akafunika vizuri kwa kitambaa chake, akaacha kwenye ukingo wa njia ya chini. Kisha akaniambia, "Kamwambie baba yako matuta yake nimeyaona. Mwambie yamelala kushoto, kama siku zote."

Nilimkuta baba uani, amekaa juu ya kigogo, miguu bado ina udongo mweusi. Nikampa ujumbe neno kwa neno. Akainua uso.

"Kama siku zote?"

"Ndiyo. Anasema ulijifunza ukiwa umesimama ng'ambo. Anasema alijua tangu siku ya kwanza."

Kwa miaka yote ile kijiji kilipokuwa kinamcheka, yeye mwenyewe alidhani ni utani tu; hakujua kwamba kweli alikuwa amekosea, wala kwa nini. Alitazama mikono yake, wa kulia, kisha wa kushoto. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alitazama njia iendayo kwa bibi, njia ambayo hakuwa ameikanyaga hata mara moja, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Amesemaje?" akaniuliza.

Nikarudia yote tangu mwanzo.

"Sema tena," akasema baba.